Msiba Hauletwi na Simu

Ndiyo, nilidanganya. Niliidanganya Likasi nzima, kuanzia jirani wa mlango wa pili hadi watu wa Kolwezi ambao sijawahi kuwatia machoni. Mdogo wangu alikuwa ameshakufa, mimi mwenyewe nilikuwa nimemfumba macho, na kila aliyenipigia simu nilimjibu kwamba yu hai, amelala, asitusumbue. Wako wanaosema hadi leo kwamba uchungu ulinitia wazimu. Haukunitia wazimu wowote. Nilikuwa na akili zangu timamu, na siku ile ikirudi nitadanganya tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla hujanihukumu, ijue kwanza kazi yangu. Nauza mega. Nina mwavuli, meza na kiti cha plastiki pembeni mwa soko, na watu huja kwangu kununua muda wa maongezi na mega za kuingilia Facebook na WhatsApp. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nazichukia simu kwa sababu sizijui, nitamcheka. Nazijua kuliko yeye. Nimewaona wanawake wakija mbele ya meza yangu machozi yakiwatiririka, wakinunua mega, wakageuka palepale na kuanza kuueleza ulimwengu maneno ambayo mume kayasema chumbani. Nikiwashauri wangoje hasira ipoe kwanza, wananiambia niuze ninyamaze. Basi nauza, nanyamaza. Muuza visu hajamtuma mtu ajikate.

Kwetu tulizaliwa watatu. Mimi ndiye mkubwa. Akanifuata mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, na mwisho akaja kitinda mimba wetu, ambaye ni msusi. Huyu kitinda mimba anaishi ndani ya simu. Mume wake anafanya kazi Kolwezi na hurudi kwa nadra, nyumba ni kimya, na simu ndiyo inayomuuliza kaamkaje. Hilo nalielewa, na nalisema ili nisimwonee. Lakini alipitiliza. Akipika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, sufuria lilipigwa picha kabla watoto hawajaonja. Mtoto akiogeshwa, tulimwona. Mume akinuna, tulisoma. Siku moja alikuja kwangu akanichukua video nikisonga bukari, na nyuma yangu kwenye kamba zilikuwa zimeanikwa nguo zangu za ndani, zile kuukuu ambazo mwanamke hamwonyeshi hata mumewe. Kesho yake mteja wangu mmoja, baba mzima mwenye mvi, alinunua mega zake, akanitazama kwa upole, akaniuliza kama ile kamba yangu bado ina nguvu. Nilimfukuza mezani pangu na mvi zake.

Nilipokwenda kumkaripia dada yangu, mdogo wetu wa kiume alikuwepo, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yaya, umuache," aliniambia, maana kwetu yaya ndiye dada mkubwa. "Ule akipiga chafya, Likasi yote inasema pole."

Lakini kitinda mimba hakucheka. Alinijibu kwa moyo wake wote: "Weye uko muntu wa zamani, yaya. Leo kama bantu habakuone, hauko."

"Minye niko," nikamwambia. "Niko hata mu giza."

Tukaachana hivyo, kila mmoja na yake. Na huenda tungeendelea kutaniana hivyo mpaka uzeeni, kama figo za mdogo wetu zisingegoma.

Yeye ndiye aliyetengeneza nusu ya mageti ya mtaa wetu, na wachimbaji wa Kamatanda walimfuata awaungie mikokoteni yao. Alikuwa pande la mtu, mwenye majivuno ya fundi; hata akitoka kwenye moto wa kazi, hakukuruhusu umsalimie kabla hajajifuta uso. Alipolazwa hospitalini, kitinda mimba wetu alisimama miguuni pa kitanda na simu yake. Nilipomwambia aiweke chini, akanitupia methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Na nisimnyime haki yake: watu waliomba, watu walikuja, na mmoja tusiyemjua kabisa alijitokeza kutoa damu kwa sababu ya tangazo lake. Hilo nalikubali. Lakini methali ile inamwambia mgonjwa asimfiche daktari. Haisemi tumwonyeshe mgonjwa kwa wauza nyanya.

Halafu siku moja mgeni, kwa nia njema tu, akamwonyesha mdogo wangu picha yake mwenyewe kwenye simu: kifua wazi, mdomo wazi, mpira wa dawa mkononi, na chini yake mamia ya watu wakimsikitikia. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni minye?" aliuliza.

Aligeukia ukutani, na tangu hapo kila mtu alipotoa simu alijivuta shuka mpaka kidevuni. Nilimtoa kitinda mimba nje nikamwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake, na sijutii hata moja.

Jioni ya siku ileile tulipobaki wawili, mdogo wangu aliniita karibu.

"Yaya, minye nakufwa."

"Usiseme vile."

"Uache niseme. Mama asisikie mu telefone. Muende kule, mumwambie vile balimwambia ya baba."

Nikamwahidi. Sijawahi kuahidi kitu kwa uzito ule, hata siku ya ndoa yangu.

Mama yetu anaishi Mwadingusha, katika nyumba waliyokaa tangu baba alipokuwa akifanya kazi kwenye bwawa la umeme. Baba alipofariki tulimwita aje mjini, akakataa. Na kwetu kifo hakitangazwi kwa mwenye uchungu, kinapelekwa. Anakwenda mjomba, kaka wa mama, amevaa koti, akifuatana na mtu wa damu aliyekuwepo roho ilipotoka. Wanafika, wanaingia, mlango unafungwa. Kwanza wanazungumza habari za safari. Kisha mjomba anamshika mfiwa mikono yote miwili, na yule aliyeshuhudia anasema. Hapo ndipo mlango unafunguliwa na majirani wanaruhusiwa kulia. Zamani aliyelia kabla ya hapo alitozwa kuku. Baba alifia mjini, kwenye matibabu, na mama aliambiwa kwa njia hiyohiyo. Alipokuwa akitusimulia, hakuwa na maneno mengi. "Nilianguka," alisema, "lakini nilianguka mu mikono ya bantu." Hicho ndicho mdogo wangu alichokitaka kwa ajili ya mama. Hakutaka jeneza la fahari wala kwaya, alitaka mama aangukie mikono ya watu.

Alikufa asubuhi, jua limekwisha toka, wauguzi wakibadilishana zamu. Nilimfumba macho. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga taya. Kitinda mimba wetu alikuwa mlangoni akilia, na alilia kweli, nisimsingizie. Lakini sijamaliza hata kukaza lile fundo, simu ikaanza kutetemeka kwenye mkoba wangu, ikatulia, ikatetemeka tena. Nikaifungua. Mdogo wangu alikuwa pale, juu ya kile kitanda, hajafunikwa bado, na kando yake mshumaa wa kuchorwa na maneno ya Kifaransa ya kumtakia pumziko la amani.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Roho iliniuma, yaya. Ningesema na nani?"

"Na minye! Niko hapa! Tuko mu chumba moja!"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaanza kufuta, akafuta kila alipoweza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wateja wake wa saluni walikuwa wamekwisha ichukua, wameipeleka kwenye vikundi vya mtaa, vya kanisa, vya ukoo. Mimi na yeye hatujamalizana mpaka leo. Namsalimia, napika naye, nasukwa naye nywele, na bado hatujamalizana.

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Kule Mwadingusha mtandao huja na kwenda, na mama hana simu ya picha, lakini majirani wanazo. Nikawaza kwamba kila mtu nitakayemtia shaka ni mtu mmoja ambaye hatapiga simu kule kwanza. Mpigaji wa kwanza alikuwa mama mmoja wa sokoni.

"Condoléances, mama."

"Ya nani?"

"Ya ndugu yako."

"Ndugu yangu iko analala. Nani alikuambia?"

"Iko ku Facebook."

"Basi uende ulie ku Facebook," nikamwambia, nikakata.

Akapiga mwingine, nikamjibu vilevile. Kiongozi wa kwaya alipiga, naye nikamdanganya, na Mungu alisikia. Jirani mmoja akathubutu kuniambia kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamwambia basi alingojee barabarani, likifika alikaribishe kwake. Nilipomwagiza kitinda mimba abaki na mwili na awajibu watu kama ninavyowajibu mimi, alishtuka.

"Nidanganye bantu, yaya?"

"Ndiyo. Ulibaambia kweli mingi tangu zamani. Leo ubadanganye kidogo."

Nikakimbilia kwa mjomba. Nilimkuta amekaa kitandani anang'arisha viatu. Alikuwa ameshajua, nani hakuwa ameshajua? Nikamwambia tuondoke hivihivi, kila dakika simu zinatutangulia. Hakuinua hata kichwa.

"Siende kwa dada yangu na sandale," alisema. "Nitavaa koti."

Nilichemka. Nilisimama pale mlangoni nikimwangalia mzee akipitisha brashi kwenye kiatu ambacho vumbi la njiani lingekila kabla hatujafika mbali, nikatamani kulitupa lile koti kisimani. Lakini mjomba ni mjomba. Nikangoja.

Tulichukua pikipiki mbili, maana ile njia haipendi magari. Mjomba alikaa nyuma ya dereva wake wima, koti limefungwa vifungo vyote. Dereva wangu alikuwa kijana mchangamfu, na tulipoiacha Buluo nyuma alianza kunizungumzisha ili nisichoke.

"Mama, unasikia ule soudeur wa mageti alikufwa? Leo asubuhi. Picha iko. Tukisimama nitakuonyesha."

"Ule ni muzima," nikasema mgongoni mwake.

"Apana, mama. Niliona na macho."

"Uliona telefone."

Akacheka kidogo, akaacha. Tuliposimama kumngoja mjomba, alitoa simu yake mfukoni kunithibitishia. Aliifungua, akainua macho kuniita, akaniona uso. Kisha akamwona mzee akija katika vumbi na koti lake jeusi. Akaelewa. Aliirudisha simu mfukoni, akanisaidia kupanda, akaendesha kwa mwendo ambao siku nyingine ungenifanya nimtukane. Namshukuru mpaka leo.

Tulifika. Nje ya ua wa mama wanawake walikuwa wamejaa, vitenge vimefungwa viunoni, kama wanavyojifunga wanawake wanaokuja msibani. Nilijua tumeshindwa. Nililia palepale juu ya pikipiki, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Niliahidi kitu kimoja tu kwa mtu mmoja tu, na kipande cha kioo chenye ukubwa wa kiganja kilikuwa kimenitangulia.

Lakini palikuwa kimya. Wanawake wote wale, na hakuna aliyelia. Jirani wa mama, mwanamke wa makamo ambaye tumekua tukimwita mama mdogo, alinijia mbio, kidole mdomoni.

"Usilie, mwanangu! Usilie! Mama yako anakataza."

Akanieleza harakaharaka. Asubuhi binti yake alikuwa ameipata ile picha, na kabla yeye hajamzuia, binti akaipeleka kwa mama. Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akaitazama. Akairudisha na kusema, "Hii ni picha. Picha hailete habari." Wanawake walipokuja kuingia, aliwasimamia mlangoni, mwiko mkononi, akawaambia: "Minye bado kuambiwa. Niko na kaka, niko na mutoto mwanamuke. Banajua njia. Kama mutoto yangu alikufwa, batakuya. Mwenye kulia alie kwake." Kisha akarudi ndani. Alifagia. Akavaa kitenge chake kizuri. Akawasha moto na kuanza kupika, kwa sababu watu wanaotoka mbali huja na njaa.

Nilisimama nikisikiliza na moyo ukinijaa mpaka ukaniuma. Mimi niliudanganya mji na nikajiona shujaa. Yeye aliukataa mji. Tangu asubuhi alikuwa anajua, mama gani asijue, na alikuwa ameukalia ule uchungu peke yake karibu na moto, hajautolea hata chozi, akitungoja sisi. Angeweza kulia saa ileile na kijiji kizima kingemshika. Hakutaka kushikwa na kijiji kilichopata habari kabla yake. Nilijivunia kuzaliwa naye, na nilitamani watu wote walioituma ile picha wangekuwa pale uani wamwone.

Alitupokea mlangoni bila tabasamu na bila chozi. Akatuingiza, akafunga mlango. Sufuria la bukari lilikuwa limefunikwa, maji ya kunawa yako tayari. Tukakaa.

"Mulifika muzuri?" aliuliza.

"Tulifika, dada," mjomba akajibu. Alikuwa amejaa vumbi jekundu kuanzia nywele hadi viatu, na bado kila kifungo kilikuwa mahali pake. Mama alilitazama lile koti kwa muda, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuta deni la heshima limelipwa. "Njia ni mavumbi," mjomba akaendelea. "Ile daraja ndogo inataka kuanguka."

"Ile daraja ni ya zamani," mama akasema.

Mjomba akamsogelea. Akanyoosha mikono. Mama akampa yake yote miwili, na nikaona jinsi alivyoikaza, mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi. Akanigeukia.

"Sema."

"Mama, weye unajua..."

"Sijue kintu," akanikata. "Sema."

Nikasema. Nikamwambia kwamba mwanawe amefariki asubuhi, jua limetoka. Nikamwambia kwamba aliomba ageuzwe kuelekea dirishani, na kwamba nilimlowanisha midomo kwa kitambaa kila alipotaka. Nikamwambia kwamba kabla ya kupambazuka alilikumbuka geti lake la kwanza, lile lililokataa kufunga, akacheka na cheko likamchosha. Nikamwambia alivyoagiza, kwamba tuje wenyewe. Na yako mengine aliyoyasema asubuhi ile, ya mwisho kabisa, nikamwambia mama yote, neno kwa neno. Hayo siyaandiki hapa. Hayakuwa kwenye simu ya mtu na hayatakuwa kwenye karatasi. Ukinikuta sokoni na kuniuliza, nitakuuzia mega.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Nani alimufunga macho?"

"Minye, mama."

"Na mukono gani?"

Nikanyoosha wa kulia. Aliichomoa mikono yake kwa mjomba, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya macho yake mwenyewe na kuukandamiza hapo. Nilisikia kope zake zikicheza chini ya vidole vyangu, kisha nikasikia unyevu.

"Sasa," alisema, "sasa mutoto yangu alikufwa. Kaka, ufungue mulango."